Maswali ya wasomaji: Hausi na tekno, nani alitangulia?

SWALI: Habari za kazi, mhariri. Napiga muziki kwenye baa na harusi hapa Arusha. Mwenzangu anadai tekno ni hausi iliyoongezwa kasi tu. Mwingine anaapa tekno ndiyo mkubwa. Yupi mkweli? Halafu, nikitoka hausi kuingia tekno, ngoma zinasikika kama punda anatimka kwenye lami. Nakosea wapi? (Msomaji, Njiro)

JIBU: Kila mmoja ana kipande cha ukweli kuhusu mitindo hii miwili ya muziki wa klabu wa kielektroniki. Juan Atkins wa Detroit alitoa “Alleys of Your Mind” akiwa na kundi la Cybotron mwaka 1981. “On and On” ya Jesse Saunders wa Chicago, inayotajwa mara nyingi kuwa santuri ya kwanza ya hausi, ilifuata mwaka 1984. Lakini Cybotron ile ilikuwa elektro, ngoma yake inarukaruka. Ule mkanyago wa mapigo manne yaliyo sawa ulitoka kwenye disko na kulelewa Chicago, katika klabu ya Warehouse, ambako Frankie Knuckles alianza kupiga mwaka 1977. Jina “house” lilichomolewa humo.

Kati ya miji hiyo ni kilomita kama 450, karibu na mwendo wa Arusha hadi Dodoma. Derrick May wa Detroit alikuwa akienda Chicago kusikiliza, na ndiye aliyemuuzia Knuckles mashine ya ngoma ya Roland TR-909. Tazama vitufe vyake 16, vinne kwa kila pigo: ngoma nzito iko cha 1, 5, 9 na 13, makofi cha 5 na 13, toazi lililo wazi cha 3, 7, 11 na 15. Umeshapata mifupa ya hausi, na ya tekno nyingi pia. Tofauti ni nyama. Chicago waliweka piano, besi ya disko na uimbaji wenye harufu ya kanisa. Detroit waliegemea kundi la Kraftwerk la Ujerumani na fanki, wakapunguza waimbaji. Mpaka wenyewe unavuja: “Big Fun” ya Inner City (1988) ilitengenezwa na Kevin Saunderson wa Detroit, ikaimbwa na Paris Grey wa Chicago. Iweke rafu unayotaka.

Hata jina la tekno lilibandikwa dakika za mwisho. Mwaka 1988 lebo ya Uingereza ilikuwa inaandaa mkusanyo wa nyimbo za Detroit, na mpango ulikuwa kuuita hausi ya Detroit. Atkins akaleta wimbo wake “Techno Music”, na jalada likabadilishwa. Kwa maoni yetu, biashara ilisaidia kuzitenganisha kuliko muziki wenyewe.

Sasa punda wako. Hausi ya mapigo 124 kwa dakika ikikutana na tekno ya 132, baada ya sekunde nne hivi zimeshapishana nusu pigo. Kuipandisha ya 124 hadi 132 ni asilimia 6.5. Kitelezi cha kasi chenye asilimia 8 kinafika, ila sauti ya mwimbaji itapanda zaidi kidogo ya nusu toni, kama hujawasha kitufe cha kushikilia ufunguo (key lock), kinachozuia sauti isipande na kasi. Afadhali upande pigo moja au mawili kwa kila wimbo, ufike 128, kisha uishushe tekno hadi hapo. Ingiza wimbo mpya besi yake ikiwa imezimwa kabisa, hesabu mapigo 32, halafu badilisha besi zote mbili kwa mkupuo. Ngoma mbili nzito zikibaki wazi pamoja, zitavimbisha spika au kumezana hata kama kasi inalingana.

SWALI: Mtindo wa asidi (acid) ni hausi au tekno? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Hausi, kwa kuzaliwa. “Acid Tracks” ya Phuture, Chicago, 1987. Mlio ule wa kukoroma ni Roland TB-303, kisanduku kilichokusudiwa kumpigia besi mpiga gitaa asiye na mwenzake. Uzalishaji ulikoma mwaka 1984, vikauzwa mitumba kwa bei ya kutupa. Waliovinunua wakazungusha vifundo vya kichujio, kinachokata au kufungua ukali wa sauti, huku noti zikijirudia. Huo ndio ufundi wote.