Kamshafti mpya kwenye injini iliyotembea sana

SWALI: Pikapu yangu ina V8 ya pushrodi (fimbo za kusukuma valvu) yenye tapeti bapa (vipande vinavyoteleza juu ya kamshafti), na imetembea kilomita 320,000. Hubeba mizigo kila siku. Nataka kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, ya kuiongezea nguvu. Nichukue ipi?

JIBU: Kwanza pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, itie kijiko cha oili upime tena: ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, shuku valvu au gasketi. Injini ya namna hiyo inahitaji ovaholi, kamshafti haitaiponya.

Injini ikiwa nzima, chukua kamshafti ndogo kuliko unavyotamani. Kwa mizigo, valvu kukaa wazi nyuzi 200 hadi 210 za mzunguko wa krenkshafti, zikihesabiwa tapeti ikiinuka milimita 1.27, kunatosha. Ukizidisha, nguvu inahamia mizunguko ya juu usiyoitumia, sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) haitulii, na breki huwa ngumu kwa kukosa vakyumu.

Tapeti za zamani usizirudishe, hata zikiwa zinang'aa. Zimeshalika kufuata kamshafti ile ya kwanza, zitaitafuna mpya. Badilisha pia springi za valvu na cheni ya taimingi.

Wengi huharibu kazi siku ya kuwasha. Weka taimingi sawasawa mapema, maana kupiga starta mara kwa mara hufuta grisi uliyopaka kwenye kamshafti. Tumia oili yenye zinki ya kutosha. Ikiwaka tu, ipandishe ifike mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, uiweke hapo dakika 20, bila kuiacha sailensa. Kisha mwaga oili, pasua filta, utafute chembe za chuma.