Kalamu yangu na meka ya mama yako

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ili mama yako naye asikie. Rafiki yako aliyekuwa ukumbini amekusimulia kwamba niliwaambia wanafunzi, "Kalamu hii ndiyo imewasomesha watoto wangu wanne." Unauliza: "Papa, ni kweli? Nataka kujua kabla sijaacha kazi hapa Kolwezi nikae kuchora." Ndiyo, nilisema hivyo. Ila nilisema nusu tu ya kweli, na nusu niliyoiacha ndiyo kubwa.

Wanafunzi wale walikuwa kama 25, wote wanasomea uchoraji, na walinialika wenyewe niwasimulie miaka yangu ya kuchora picha za vitabu na za afya. Nilijiandaa wiki nzima. Nilianzia hapa mjini kwetu, maana sipendi kijana wa Lubumbashi adhani uchoraji ulikuja jana pamoja na simu. Niliwakumbusha Hangar, karakana aliyoifungua Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, alikotoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Mwenze Kibwanga na vistari vyake vidogo vidogo, na Bela aliyeacha brashi akachora kwa ncha za vidole. Nikafika kwa Tshibumba Kanda Matulu, ambaye miaka ya 1970 alisimulia historia ya nchi nzima kwa picha 101. Wachoraji wa wakati wake walikuwa wakichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Nilitamka neno "unga" mbele ya watu wote wale na bado mama yako hakunijia akilini.

Walichokipenda kuliko vyote ni habari ya kijiko. Ulikuwa mdogo wakati ule. Nilipewa kazi ya kuchora kadi za kituo cha afya, zile kubwa ambazo mhudumu anazigeuza moja moja, picha ikiwaelekea akina mama na maandishi yakimwelekea yeye kwa nyuma. Kadi moja ilikuwa ya maji ya kumpa mtoto anayeharisha: maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Vijiko sita si shida, unavipanga mstari mmoja. Nusu ndiyo iliyonitesa. Nilichora kijiko chenye chumvi mpaka katikati. Mama mmoja tuliyemwonyesha akasema hicho kimejaa, ila chumvi imesogea upande. Nikachora kijiko kilichokatwa. Mwingine akauliza kimevunjwa na nani. Nikaongeza mkono unaokishika, nao wakauliza mwenye mkono yuko wapi, amekatwa? Na chumvi ikizidi mtoto anaumia badala ya kupona, kwa hiyo huwezi kusema wataelewa tu. Mwisho nilichora mama mzima, ameketi na mtoto wake, akisawazisha chumvi kwa kisu, kisha akiigawa katikati na kurudisha nusu koponi. Picha mbili mahali pa moja. Ilinichukua karatasi 11 kufika hapo. Nilikwenda nazo zote, na madoa yake ya wino, wanafunzi wakazipitisha mkono kwa mkono wakizitazama kimya. Hapo nilikuwa na furaha kweli, mwanangu, na sijutii hata neno moja nililolisema kuhusu kijiko kile.

Kisha binti mmoja aliyekaa mstari wa mbele akauliza: "Papa, kadi zile walikulipa baada ya muda gani?"

Hapo ndipo niliposema ile ya kalamu na watoto wanne. Wakapiga makofi, tukamaliza.

Kweli yenyewe ni hii. Kadi zile nililipwa baada ya miezi 7, tena si zote. Miaka miwili baadaye nikazikuta zimechapwa upya, jina langu chini limefutwa. Nchi yetu ina sheria ya haki za mwandishi, ya tarehe 5 Aprili 1986, na inamlinda mchoraji pia. Lakini tulipatana kwa mdomo tu, na nilipokwenda kudai sikuwa na karatasi ya kuonyesha. Hilo sikuwaambia, nalo ndilo walilohitaji kuliko Hangar na kuliko kijiko.

Na miezi 7 ile mlikula nini? Unga wa mama yako. Saa 11 alfajiri alikuwa tayari mlangoni na meka yake, kile chombo cha kupimia, anapimia watu unga wa mahindi. Mizigo ilipokwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na bei ikapanda, alipima nusu meka, ili jirani mwenye pesa kidogo asirudi na sahani tupu. Minervali yenu, ile ada ya shule, ilitoka kwenye kopo la maziwa alilolificha chini ya kitanda. Pesa ya picha ilikuja mara moja moja, nyingi kwa pamoja, nikanunua bati, nikanunua baiskeli, vitu ambavyo mpaka leo viko na watu wanaviona. Pesa ya meka iligeuka chakula, bukari na sombe, ikaisha jioni ileile. Ndivyo nilivyofika mahali pa kuamini mwenyewe yale niliyoyasema.

Jana nilimuuliza mama yako kama amekasirika. Alikuwa anachambua maharage. Akasema: "Mimi sijakasirika. Lakini yule mtoto aliyeuliza, umemwacha aende nyumbani na nini?"

Sasa wewe. Kazi usiiache bado. Nimeziona picha ulizonitumia, ile ya wanawake wanaosubiri basi ni nzuri kuliko nilivyokuwa nachora katika umri wako, na sikwambii hivyo kukufurahisha. Lakini chora jioni kwanza. Kila anayekupa kazi, andikeni karatasi, hata kama ni mtu wa kanisani kwenu: picha ngapi, masahihisho mara ngapi, nani ana ruhusa ya kuchapa tena, malipo lini. Nusu ya pesa uishike kabla hujainua penseli. Weka akiba ya miezi 7 kamili, hesabu yangu unaijua sasa imetoka wapi. Ukiwa nayo, nipigie simu tuongee, sitakuzuia.

Nimezungumza na msimamizi wa kile kikundi, wanatungoja Jumamosi ijayo. Nitabeba lile daftari la jalada la bluu ambalo mama yako aliandikia madeni ya unga. Pembeni mwa kurasa, kati ya majina ya majirani na meka walizochukua, kuna vijiko vidogo nilivyokuwa najaribu usiku akiwa anapiga hesabu. Mama yako amekubali kuja. Amesema tu hesabu ataisoma mwenyewe, maana mwandiko wake siujui kusoma vizuri.

Papa yako