Noti ya tatu ya Rasti: kinanda kinakataa, wazee wanakubali

SWALI: Napiga kinanda kwenye kikundi cha taarabu hapa Lamu. Mpiga udi wetu akianza Rasti, ule mpangilio wa noti wa Kiarabu, kutoka C, noti ya tatu hunishinda. Nikibonyeza E inapaa, nikibonyeza E bemoli, kile kitufe cheusi chini yake, inazama. Programu ya simu ya kupimia noti inasema yeye ndiye anayekosea, ila wazee wanatikisa vichwa kwa raha. Fundi, nani mwenye sikio bovu? – Msomaji, Langoni

JIBU: Hakuna, ndugu yangu. Mna mambo mawili yamechanganyika, na moja tu ndilo la sikio.

Sikio la ndani lina koklea, mfereji uliojikunja kama kome. Ukinyooshwa hufika kama sentimita 3.5. Utando wake ni mwembamba na umekaza mlangoni, huko ndani ni mpana na umelegea. Sauti nyembamba huutikisa karibu na mlango, nene huutikisa mwishoni. Sasa, E yako hutetema mara 330 kwa sekunde, E bemoli 311. Mwenzako anaweka kidole karibu na 320, na shingo ya udi haina vichuma vya kumzuia. 330 na 320 zikilia pamoja hugombea karibu pahali pamoja pa utando, na nguvu ya sauti hupanda na kushuka mara 10 kila sekunde. Mkwaruzo huo upo kweli, hata asiyejua taarabu atausikia.

Lakini mwache mpiga udi peke yake, mkwaruzo unakwisha. Koklea hupokea 320 kama inavyopokea 330. Anayesema "hii imo, hii haimo" ni ubongo, na ubongo hufuata ulichozoea. Mwamu, mtu wa Lamu, husikia wazi tofauti ya paa la nyumba na p'aa wa porini, mwenye p ya pumzi. Mtu wa bara, masikio yake mazima kabisa, atakwambia ni neno moja. Wazee wenu wamekua na udi, fidla na nyimbo za Kiarabu, kwa hiyo hapo katikati wana noti kamili, yenye kiti chake. Programu yako imepewa viti 12 tu kwa oktavu, yaani toka C hadi C inayofuata. Na hiyo E yako nayo si malaika: uwiano safi wa 5 kwa 4 na C ungeiweka 327.

Nilipoanza ufundi huu Malindi niliwahi kumsahihisha mpiga udi mbele ya watu. Hakunijibu. Aliweka udi pembeni akaagiza kahawa, na mazoezi yakaishia hapo.

Tafuta kwenye kinanda sehemu ya kurekebisha skeli. Vingi vya siku hizi vinayo. Nusu toni moja ni senti 100: shusha E na B (noti ya saba, nayo katika Rasti hukaa katikati vilevile) senti 50 kila moja. Kisha funga simu, mwambie mwenzako ashikilie noti yake, nawe songeza senti mbili tatu, juu au chini, mpaka mkwaruzo utulie. Wapigaji hawalingani, kwa hiyo usishangae ikitulia kwenye 40. Na kabla hamjaingia wimbo usio wa Rasti, rudisha E na B zilipokuwa, maana hapo wazee watakugeukia wewe.