Waache Watangulie

Juzi dada mmoja ameniandikia ujumbe mrefu. Safari yake ya kwanza ya mashindano ya farasi ya masafa marefu, kilomita 80, iliishia kwenye kituo cha kwanza cha ukaguzi. Mapigo ya moyo ya farasi wake yaligoma kushuka, na daktari wa mifugo akamtoa. Anauliza alikosea wapi kwenye lishe. Dada yangu, kidonda changu umekitonesha, maana jibu lako haliko kwenye lishe. Liko pale pale mstarini mlipoanzia.

Mimi nami nilitolewa hivyo hivyo. Lulu, farasi wangu jike, alikuwa na mazoezi ya mwaka mzima mwilini. Alfajiri ile nilimpanga mbele kabisa, kwa imani kwamba aliyejiandaa hakai nyuma. Farasi zaidi ya 40 waliondoka kwa mpigo mmoja. Lulu akarusha kichwa, akang'ata lijamu, akaenda shoti. Nilivuta hatamu, naye akazidi kuvuta. Kipima mapigo kilisoma 170 mahali ambapo kwenye mazoezi husoma 130. Kilomita 12 za mwanzo tulizimaliza tukipigana, viganja vyangu vikatoka malengelenge. Kwenye maji ya kwanza hata hakuinamisha kichwa.

Kituoni, kilomita ya 30, sharti lilikuwa mapigo 64 kwa dakika. Muda ulipokwisha alikuwa kwenye 76, na daktari aliposikiliza tumbo alikuta utumbo umenyamaza. Mpandaji mmoja mzoefu akasema mbele ya watu kwamba farasi mzuri ameangukia mikono mibaya. Ni miaka sita sasa na sauti ile bado naisikia. Inaniuma kwa sababu alisema kweli.

Farasi ni mnyama wa kundi. Kundi likitimka, mwili wake unaamini hatari imeingia. Adrenalini inamwagika, moyo unapanda kuliko kazi inavyodai, damu inauhama utumbo kwenda kwenye misuli. Misuli ikikosa oksijeni ya kutosha inateketeza akiba ya sukari upesi na kulundika asidi, na akiba hiyo hairudi siku ile ile hata umlishe nini. Ndiyo maana farasi aliyeanza kwa wazimu hali, hanywi, na moyo wake haushuki.

Mwezi uliopita nilifanya kinyume. Nilimtandika mapema, nikamtembeza kwa miguu mbali na mstari, ng'ambo ya malori, asiwaone wenzake wakiondoka. Nikampanda, nikamtembeza dakika 20 mpaka mgongo ukalegea. Wote wakaondoka. Dakika 10 baadaye, vumbi lilipotulia, tukatoka kwa kutembea, kisha mchakamchaka mwepesi. Waulize waandaaji mwisho wa kuondoka ni saa ngapi, kwa sababu kwa kawaida saa ya safari inahesabu tangu wengine walipoanza. Dakika 10 hizo hazikurudi, na sikuzihitaji.

Akivuta, usining'inie kwenye hatamu zote mbili kama mtu anayevuta ngalawa pwani. Shika, achia, shika, achia. Tafuta mwenza mwenye farasi mtulivu, mkubaliane mwendo jana yake, si asubuhi. Kama wako hupiga mateke, mfunge utepe mwekundu mkiani, wenzako wajue kukaa mbali. Na narudia: waache watangulie. Nyumbani pia mzoeze kuachwa nyuma na wenzake, akae palepale ale nyasi mpaka wapotee machoni.

Najua utaona aibu kuondoka wa mwisho. Ivumilie. Huko Marekani, mashindano ya farasi ya Tevis Cup yamekuwa yakiendeshwa tangu 1955, maili 100 za milimani ndani ya saa 24, na kwa miaka mingi takriban nusu ya wanaoanza hawafiki mwisho. Hao si wavivu, wala farasi wao si dhaifu. Sisi wapandaji tunapenda kusifiwa mapema, na anayelipa ni mnyama asiyeweza kusema amechoka. Hilo nalisema kwa ukali kwa sababu nililitenda.

Safari hiyo ya mwezi uliopita Lulu aliingia kituo cha kwanza akiwa na mapigo 68, na kabla sijamaliza kumvua tandiko alikuwa 56. Tulimaliza katikati ya kundi. Lakini furaha yangu niliipata mapema zaidi, kwenye maji ya kwanza: alisimama mwenyewe, akazamisha midomo, akanywa mpaka nikachoka kusubiri. Dada, safari yako ijayo usinitajie nafasi uliyoshika. Niandikie kama alikunywa.