Ufa Chini ya Bahari, Mtambo Ufukweni: Kupanga Uchunguzi wa Mitetemo Kabla ya Kukodi Meli

Katika kuchunguza ufa wa tetemeko ulio chini ya bahari karibu na mtambo, meli hupiga mlio majini kwa bunduki za hewa au vyombo vidogo zaidi, na kebo ya vipokezi inayokokotwa nyuma hunasa mwangwi unaorudi kutoka kwenye tabaka za chini. Kosa kubwa katika kazi hii hufanyika mezani, kabla meli haijang'oa nanga. Watu hukaa kikao cha kwanza wakaanza kuulizana meli ipi, bunduki za hewa ngapi, kebo urefu gani. Swali la kuanza nalo ni jingine: wahandisi wa mtambo wanakosa namba gani?

Hatari ya tetemeko kwa mtambo uliojengwa ufukweni hutegemea mambo machache. Ufa uko umbali gani? Umeinama upande gani, na kwa nyuzi ngapi? Una urefu gani, na unaweza kupasuka pamoja na jirani yake? Pande zake mbili zinapishana kwa milimita ngapi kwa mwaka? Na mwamba ulio chini ya mtambo wenyewe una ugumu gani? Chukua hesabu ya hatari iliyopo, badilisha jambo moja kutoka kiwango cha chini kabisa hadi cha juu kabisa, na uangalie mtikisiko pale mtamboni unapanda na kushuka kiasi gani. Rudia kwa kila jambo. Mawili au matatu yatakayotikisa jibu zaidi ndiyo yanayostahili fedha za meli. Mengine yaache, hata kama mwanajiolojia wako anayapenda.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Diablo Canyon, mtambo wa nyuklia katika kaunti ya San Luis Obispo, California. Ujenzi ulianza mwaka 1968. Mwaka 1971 wanajiolojia wawili wa mafuta, Hoskins na Griffiths, walieleza ufa mkubwa baharini, ambao kwa kuunganisha majina yao uliitwa Hosgri. Unapita kama kilomita 5 kutoka mtamboni. Baadhi ya sehemu zilibidi ziimarishwe upya, na vinu viwili vikaanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 1985 na 1986. Kisha mwaka 2008 Jeanne Hardebeck wa USGS, taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani, alipanga upya mahali halisi pa matetemeko madogo madogo ya eneo hilo, akaona yamejipanga mstari mmoja kando ya pwani. Huo ukaitwa ufa wa Shoreline, na uko takriban mita 600 kutoka kwenye vinu. Haukugunduliwa na meli. Uligunduliwa na kumbukumbu za mitetemo zilizokwisha kukusanywa, na ndiyo maana tunasema fedha za kwanza ziende kwenye data zilizopo: matetemeko madogo, ramani za sakafu ya bahari kwa sonari, mvuto na usumaku wa ardhi, na mistari ya uchunguzi iliyopigwa zamani na kampuni za mafuta.

Jinsi mambo yanavyoweza kuharibika ukikosea makadirio ya ufa wa baharini ilionekana Japani tarehe 16 Julai 2007. Tetemeko la ukubwa wa 6.6 lilitokea baharini karibu na mtambo wa Kashiwazaki-Kariwa. Kwenye msingi wa kinu namba 1 ilipimwa gal 680 (gal ni kipimo cha ukali wa mtikisiko wa ardhi), ilhali kilichotarajiwa wakati wa usanifu kilikuwa gal 273.

Sasa chombo. Kuna ngazi mbili za nishati, na kila moja hujibu swali lake. Ngazi ndogo hutumia cheche za umeme au sahani inayopigwa ndani ya maji, nishati ya juli mia chache hadi kilojuli 2 hivi. Mawimbi yake ni ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) mia na zaidi, hivyo huona vitu vidogo ila huishia mita mia chache chini ya sakafu. Ngazi kubwa ni bunduki za hewa zenye shinikizo la takriban bar 137. Hushuka kilomita kadhaa, lakini huko chini mawimbi yanayobaki ni ya hezi 30 hivi. Hesabu ya uwezo wa kuona ni robo ya urefu wa wimbi. Kwenye mashapo yenye kasi ya mita 2,000 kwa sekunde na hezi 200, utatenganisha tabaka za mita 2.5. Kwenye mwamba wa mita 4,000 kwa sekunde na hezi 30, utatenganisha mita 33. Kwa hiyo anayetafuta kasi ya ufa, yaani zile milimita kwa mwaka, hahitaji bunduki kubwa. Anayehitaji kujua kama nyufa mbili zinakutana kina cha kilomita 5 ndiye anayezihitaji.

Kasi ya ufa tuikae kidogo, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi huanguka. Ufa unaopishanisha pande zake kwa mlalo hauinui ukingo mkubwa sakafuni. Unachotafuta ni kitu chembamba kilichokatwa: mfereji wa mto wa kale uliochimbwa bahari ilipokuwa chini. Miaka 20,000 hivi iliyopita usawa wa bahari ulikuwa takriban mita 120 chini ya wa leo, na mito ilipita pale ambapo sasa ni maji. Kwenye data za pande tatu, ukikata kipande cha mlalo, mfereji huo huonekana kama utepe mweusi unaokuja vizuri, unafika kwenye ufa, unakatika, na kuendelea upande wa pili ukiwa umesogea pembeni. Pima huo msogeo, gawa kwa umri.

Fanya hesabu hiyo kabla ya kununua kifaa. Ufa wa milimita 2 kwa mwaka utakuwa umesogeza mfereji wa miaka 20,000 kwa mita 40, na huo utauona bila shida. Ufa wa milimita 0.1 kwa mwaka utakuwa umesogeza mita 2 tu. Kebo zikipangwa kwa nafasi ya mita 6.25, kila chembe ya picha yako ni mita 3.125, hivyo mita 2 hazitaonekana kamwe. Inabidi utafute mfereji wa kale zaidi: wa miaka 140,000, bahari ilipokuwa chini mara iliyotangulia, utakupa mita 14. Ila umri nao una kisa chake. Kipimo cha kaboni huishia kwenye miaka 50,000 hivi, na zaidi ya hapo utategemea mwanga uliohifadhiwa kwenye chembe za mchanga au kulinganisha na vipindi vya usawa wa bahari. Ukikosea msogeo kwa asilimia 20 na umri kwa asilimia 30, kasi yako ina shaka ya asilimia 36. Tenga fedha za kuchukua sampuli za mashapo kwa bomba tangu mwanzo. Picha nzuri isiyo na umri haibadilishi hesabu ya hatari hata kwa nukta moja.

Mambo yanayoharibu data hizi ni ya kawaida sana. Maji kupwa na kujaa kwa mita 2 huchelewesha mwangwi kwa milisekunde 2.7. Wimbi la hezi 200 huchukua milisekunde 5, kwa hiyo mstari uliopigwa maji yamejaa na ule wa jirani uliopigwa maji yamekupwa hufutana badala ya kujumlishana. Weka kipimo cha maji eneo lenyewe, usitegemee jedwali la bandari ya mbali. Mkondo wa noti 1 (maili moja ya baharini kwa saa) unaokata ubavuni, meli ikienda noti 4.5, huisukuma kebo nyuzi 12 hivi. Kebo fupi ya mita 50 mkia wake husogea mita 11, yaani chembe tatu za picha. Kebo ya kilomita 6 mkia wake huenda kando mita 1,300. Bila GPS kwenye boya la mkia na dira kwenye kebo, hujui ulichopiga.

Halafu mwangwi wa kurudiarudia. Maji ya mita 60 juu ya sakafu ngumu hurudisha mwangwi ule ule kila milisekunde 80. Kwenye mashapo ya kasi ya mita 1,700, hiyo ni kama mita 68 za picha safi, kisha kila kitu kinachanganyikana na kivuli cha sakafu. Programu hupunguza, haziondoi. Na pale ambapo chini ni mwamba uliovurugika usio na tabaka, kama ule wa pwani ya California uitwao Franciscan, hakuna kinachorudi cha maana hata ukiongeza bunduki. Ufa ulio wima haurudishi mwangwi wenyewe. Unautambua kwa tabaka zinazokatika. Pasipo tabaka, ufa hauonekani.

Kama bado unahitaji ngazi kubwa, piga hesabu ya siku bila kujipendelea. Chukua eneo la kilomita 50 kwa 10, kebo nne zilizoachana mita 100 na vyanzo viwili vya mlio. Kila mpito unafunika upana wa mita 200, hivyo mipito 50, jumla kilomita 2,500. Kwa noti 4.5 hiyo ni saa 300. Kugeuza kebo za kilomita 6 ni kama saa 3 kila mara, mara 49, saa 147. Ongeza asilimia 20 ya kurudia mapengo, na muda wa kusimama kwa hali ya hewa na kwa wanyama. Zile siku 12 na nusu za kwenye karatasi zinakuwa zaidi ya 20, na hata hivyo ni makadirio ya mtu mwenye bahati.

Wanyama wasiwe sura ya mwisho ya mpango wako. Kwa Diablo Canyon ilitakiwa meli ya utafiti Marcus G. Langseth ipige bunduki 18 zenye jumla ya inchi za ujazo 3,300, mwishoni mwa mwaka 2012. Maji yale yana fisi maji wa baharini, kundi dogo la pomboo wa Morro Bay, na njia ya nyangumi wa kijivu. Kuna hifadhi ya bahari ya Point Buchon, wavuvi, na Wachumash ambao pwani ile ni yao ya asili. Tarehe 14 Novemba 2012 Tume ya Pwani ya California ilikataa kibali. Hoja iliyobaki bila jibu la kutosha ilikuwa ile ya mwanzo: madhara haya yananunua jibu gani? Ripoti ya mwisho ilitoka Septemba 2014 kwa kutumia data za nishati ndogo, uchunguzi wa nchi kavu na matetemeko madogo, na bado ilibadilisha mengi: ufa wa Shoreline ulionekana mrefu zaidi ya ilivyodhaniwa, kama kilomita 45, na mwendo wake kuwa wa polepole mno. Maoni yetu ni kwamba mpango ungeanza na hizo, kisha ukaonyesha shimo lililobaki, bunduki kubwa zingekuwa na hoja ya kusimamia.

Taratibu za kulinda wanyama ziandike kwa namba. Waangalizi waangalie maji dakika 30 kabla ya kuanza. Sauti iongezwe taratibu, si zaidi ya desibeli 6 kila dakika 5. Pima usambaaji wa sauti eneo lenyewe kabla ya kuweka duara ambalo mnyama akiingia kazi inasimama, kwa kuwa mteremko na mwamba hubadilisha sana umbali. Na ukizungumza na wavuvi, usiwatajie desibeli za majini bila maelezo. Kwa nguvu ile ile ya sauti, namba ya majini huwa juu kwa takriban 62 kuliko ya hewani. Mtu akisikia 230 akalinganisha na injini ya ndege, amekwisha kudanganyika, na aliyemdanganya ni wewe.

Kipande kigumu kuliko vyote ni ukanda kati ya meli na nchi kavu. Meli haikaribii, mwani mrefu hunasa kebo, mawimbi hupiga kelele. Bahati mbaya mara nyingi ndipo ufa unaokuhusu ulipo. Hapo tandaza vipokezi sakafuni na vingine nchi kavu, ili mlio wa baharini usikike ardhini na wa ardhini usikike baharini. Vikikaa miezi kadhaa vitanasa pia matetemeko madogo, yanayokuonyesha mwinamo wa ufa kina cha kilomita nyingi bila bunduki hata moja.

Kwetu jambo hili si la mbali. Uyombo, Kilifi, imewahi kutajwa kuwa mahali pa mtambo wa nyuklia wa Kenya, na hifadhi ya Watamu iko jirani. Kwa pwani yetu dirisha la kazi linabanwa na vitu viwili kwa pamoja: kusi huchafua bahari, na miezi hiyo hiyo, Julai hadi Septemba, nyangumi wenye nundu huja na watoto wao. Kaskazi na matlai ndiyo miezi ya kebo, lakini ndiyo pia miezi ambayo mvuvi wa ngalawa hutoka mbali. Ratiba ya madema na jarife ipatikane kwa wenyeji kwenye diko, bwalo la BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) likiwa wazi, miezi kadhaa kabla. Fidia ya siku za uvuvi iandikwe kwenye bajeti sawa na mafuta ya meli.

Kwenye mkataba, dai data ghafi, si picha zilizosafishwa tu: kila mlio na saa yake, kila nafasi ya kebo, kipimo cha maji, kasi ya sauti majini kila siku, na daftari za waangalizi. Tenga kwa usindikaji miezi mingi kuliko ya baharini, na jopo huru la wataalamu lipewe data hizo kabla ya tafsiri ya kwanza kuandikwa, maana ikishachapishwa kila mmoja huanza kuuona ufa pale ulipochorwa.