Jembe la siku ya tatu

Mwanangu Salim,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Rukia anataka nikujibu kwa sauti vilevile, lakini mimi siwezi kukaa barazani nikiongea na simu kama aliyepagawa. Naandika kwa mkono, yeye atachapa na kukutumia, na asipunguze neno.

Unasema mwenzako wa kazini hapo Houston ameshika kwamba watu hupanda au huzama kwa mila zao. Ushahidi wake ni kwamba Wavietnam walifika mikono mitupu wakajitengeneza, na Wapakistani wa Uingereza nusu karne sasa bado wanasota. Wewe ukamwambia mbona hapo kwenu Wapakistani ndio madaktari wenye majumba Sugar Land, na Wavietnam ndio wa saluni za kucha na kuvua kamba? Mkabishana mpaka chakula kikapoa. Kisha ukaniuliza mimi: "Mama, wewe umekaa nao wote mtaa mmoja. Nani kafaulu zaidi, na kwa nini?"

Nitakujibu. Ila nianze kwa babu yako.

Babu yako wa reli, Mungu amrehemu, alikuwa akisema Mpunjabi huzaliwa na spana mkononi. Alifanya kazi chini yao karakana miaka ishirini na mbili, akawaogopa na akawapenda. Ungemwambia kuna mji huko duniani ambako Mpunjabi anaitwa mtu asiyejua kazi, angecheka mpaka kofia imdondoke. Jambo ambalo hakuliwaza ni kwamba kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta zaidi ya watu 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi, kujenga ile reli kutoka Mombasa mpaka Ziwa Victoria. Kama 2,500 walikufa, wengi wa waliosalia wakarudi kwao, wakabaki wachache, na miongoni mwao ndio wale mafundi wa chuma. Babu akawaona hao, akasema ndivyo walivyozaliwa.

Sasa njoo Manningham, mtaa wetu ule wa Bradford, Uingereza.

Jirani yetu Mama Tariq alikuwa akiniambia samaki wanaogelea jikoni kwa mama yake. Mimi nikidhani ni methali ya kwao, nikitikisa kichwa kwa adabu. Kumbe ni kweli tupu. Kwao Mirpur, Kashmir ya upande wa Pakistani, walijenga bwawa la Mangla kwenye mto Jhelum, likakamilika 1967, na watu zaidi ya 100,000 wakahamishwa, vijiji vikazama na makaburi yake. Wakati huohuo Bradford ilikuwa na mashine za sufu ambazo Waingereza hawakutaka kuzihudumia usiku. Basi wanaume wa Mirpur wakapata vibali, wakaja. Baba yake Tariq alifanya zamu ya usiku miaka kumi na mitano, kulia kwake Mmirpuri, kushoto kwake Mmirpuri, na msimamizi akipita mara mbili kwa usiku. Angejifunza Kiingereza kwa nani? Kwa kitambaa?

Unajua ninavyosema siku zote, na usicheke: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza, kabla hata ya kunawa mikono, na mpini wake ulikuwa umekwisha liwa na mchwa. Viwanda vilianza kufa miaka ya sabini. Tulipofika sisi 1978, marehemu baba yako na shahada yake ya nguo anayoitafuta, kila mwezi kulikuwa na geti linalofungwa. Kile kiwanda cha Lister, chenye bomba ulilokuwa ukiliita mnara wa Firauni, kilishikilia mpaka 1992. Baba yake Tariq alitolewa ana miaka arubaini na tatu. Akaingia kwenye teksi. Mtu wa miaka arubaini na tatu, usiku tena.

Bi Lan na mumewe, Wavietnam wa mtaani kwetu, unawakumbuka kwa yule Minh aliyekung'ata sikio. Wao waliletwa majira ya baridi ya 1980. Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa amekubali mwaka uliopita kuchukua watu 10,000 kutoka kambi za wakimbizi za Hong Kong, na hawa hawakuwa wanasheria wa Saigon. Wengi walitoka kaskazini, wenye asili ya Kichina, wavuvi na wachuuzi. Tena serikali ikaamua wasikusanyike. Wakatawanywa familia nne hapa, familia kumi kule, ili mji wowote usilemewe. Mtaani kwetu ikapangiwa familia hiyo moja. Watu wa kanisa wakawaletea makoti ya wafu na mablanketi. Siku ya tatu ikafika, na ya mia tatu, jembe hakuna. Mume wa Bi Lan alikuwa mvuvi, na Bradford bahari iko wapi? Alikaa dirishani miaka mitatu akiangalia mvua. Halafu Jumapili moja wakapakia kila kitu kwenye gari dogo wakaenda London kwa ndugu, kama walivyofanya wengi wao. Wakatuachia lile sufuria la mvuke ambalo Rukia leo anachemshia mayai.

Ungekuja mtaani petu mwaka huo wa 1983 na swali lako, jibu lingekuwa rahisi kabisa: Wapakistani. Walikuwa na nyumba zao, walizonunua kwa kuchangishana, na duka la nyama, na msikiti. Wavietnam walikuwa na makoti ya wafu.

Na jambo moja lilinichekesha kwa uchungu. Javed, kaka yake Tariq, alikuwa mmoja wa wale watoto wa Kiasia waliopakiwa kwenye basi asubuhi na kupelekwa shule za upande wa pili wa mji, ili wasijae darasa moja. Mpango huo ulikufa 1980. Mwaka ule ule wanaacha kutawanya watoto wa hawa, wanatawanya familia za wale. Wale wakubwa wa nchi walikuwa na wazo moja tu kuhusu wageni, nalo lilikuwa la mchungaji wa mbuzi.

Hapo kwenu, mwanangu, mlango ulikuwa mwingine. Marekani ilibadilisha sheria yake 1965, na Mpakistani aliyeingia baada ya hapo alikuwa mara nyingi daktari wa Lahore au mhandisi wa Karachi. Huyo alishuka kwenye ndege na jembe lake mkononi, limenolewa kwa fedha za nchi masikini. Utamlinganishaje na mtu aliyetoka kwenye kijiji kilichozama? Na Wavietnam wa 1975, kama 130,000 kwa mpigo, wengi wa hao wa mwanzo walikuwa maofisa na wanaojua Kiingereza, na kila familia ikapewa mdhamini. Waliokimbia kwa mashua walikuja baadaye. Hata hivyo kule Texas wavuvi wao walikuta bahari. Mume wa Bi Lan angekuta bahari.

Ile siku uliponipeleka Bellaire, penye vibao vya barabara vya Kivietnam chini ya Kiingereza, yule mzee wa duka la mkate alinisimulia habari ya Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi, walivyowatishia wavuvi wao, watu na bunduki wakizunguka ghuba ndani ya mashua, mpaka 1981 wakaenda mahakamani hapo Houston, na jaji akaamuru waachwe wavue. Jaji mwenyewe mwanamke mweusi, Gabrielle McDonald. Wewe ulikuwa unatafuta maegesho, hukuisikia. Nilifurahi siku nzima. Nilikula ule mkate wenye giligilani nikitabasamu peke yangu kama bibi harusi.

Kwa hiyo mwambie mwenzako: kabla hujauliza mgeni ana mila gani, uliza alipewa jembe gani, siku ya ngapi, na nani alilichukua tena.

Lakini nisijidanganye. Usiku nikilala namkumbuka Shazia, dada yake Tariq. Msichana yule alikuwa kichwa. Alinisomea barua za baraza la mji nisizozielewa akiwa na miaka kumi na mbili. Alipofika kumi na saba wakampeleka Mirpur, akarudi ameolewa na binamu asiyejua neno la Kiingereza, wakaanza upya kutoka sifuri kama vile baba yake hakuwahi kuhangaika. Hilo jembe halilielezi. Au laelezea? Maana sheria zilipokwisha kufunga njia ya kazi, ndoa ndiyo iliyobaki wazi, na kaka wa baba yake alikuwa anadai wema wa miaka ishirini. Unaona, tunarudi mlangoni. Sawa. Lakini Shazia alililia jikoni kwangu, na aliyemliza si bunge la Uingereza, ni baba yake. Hapo mwenzako ana robo ya haki. Nusu simpi.

Na hao anaosema wamejitengeneza, umkumbushe Oktoba 2019, maiti 39 ndani ya lori kule Essex. Wavietnam wote, na wawili kati yao watoto wa miaka kumi na mitano. Mtu anayefaulu kwa mila yake hafi kwa kukosa hewa ndani ya kontena.

Basi nifike pale swali lako linaponichoma, kwani umelirusha kama jiwe bila kujua liko dirisha.

Mwaka wa 1989, mwezi wa pili, tuliitwa shuleni kuzungumza na mwalimu, mimi na Mama Tariq, tukapanda kile kilima pamoja kwenye theluji chafu. Tukakalishwa viti vya watoto, magoti kidevuni. Zamu yangu ikafika kwanza. Mwalimu akanionyesha daftari lako, akasifu, kisha akainama kidogo akasema: "Ninyi mnajali elimu. Salim si kama hawa." Akaelekeza kidevu kwenye benchi la ukutani, alipokaa Mama Tariq na mkoba wake mapajani.

Unajua nilisema nini? Nilisema ahsante.

Tariq ndiye aliyekufundisha kugawanya. Kwa gololi, juu ya zulia letu, nilikuwa nikiwakanyaga nikipita na chai. Nilijua. Ningeweza kusema maneno manne tu. Nikasema ahsante, nikainuka, nikampisha Mama Tariq. Zamu yake haikuchukua hata dakika tatu. Muhula uliofuata Tariq akawekwa kwenye kundi la chini la hesabu.

Tukateremka kilima. Akaniuliza, "Mwalimu kasema nini?" Nikamwambia watoto wote wanaendelea vizuri. Alinyamaza mpaka kwenye duka la nyama. Mama Tariq Kiingereza alikuwa hakisemi, lakini alikuwa anakisikia. Miaka yote hiyo televisheni ikiwaka jikoni kwake, asisikie? Ijumaa ile sahani yake ya pakora, zile bhajia za kwao, haikuja. Ijumaa ya pili ikaja, imefunikwa kitambaa kama kawaida, na wala hatukulizungumza.

Tuliporudi Mombasa 1997 nikafungua sanduku la bibi yako, nikakuta barua zangu zote zimefungwa kwa uzi. Ile ya mwaka 1989 imo. Kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimempigia mstari: mwalimu amesema Salim si kama hawa. Nilikuwa nimejivunia. Nimeikalia siku mbili hiyo karatasi.

Kwa hiyo ukiniuliza nani kafaulu zaidi, mimi nasikia yule mwalimu akiinama. Sitakujibu. Ninalo langu moyoni, na ukinibana sana nitakwambia wale walio... hapana. Sisemi. Uliza tena nikija Desemba, pengine nitakuwa nimechoka kujizuia.

Tariq anaendesha teksi, kama baba yake, ila ya kwake mwenyewe. Binti yake mkubwa ni mfamasia Leeds. Shazia alimaliza chuo akiwa na miaka thelathini na tisa, watoto wanne nyuma yake, na sasa ndiye anayewasomea wazee barua za baraza la mji, safari hii kwa mshahara. Mama Tariq yuko hai, macho tu. Nambari yao Rukia ataiweka chini ya barua hii. Mpigie Tariq, mlikuwa ndugu. Habari ya mwalimu usimtajie. Au mtajie, sijui. Huenda anaijua kuliko mimi. Mimi nilijaribu kumwambia mama yake mwaka jana kwenye simu, nikaanza vizuri kabisa, nikaishia kumuuliza kama kwao mvua imeanza.

Mama yako,
Kibokoni, Mombasa