Usilipe hiyo amplifaya ya 300B kabla hujageuza spika zako

Usitume hizo pesa, mdogo wangu. Umesema unataka amplifaya ya tyubu, yaani inayokuza sauti kwa taa za kioo badala ya transista, ile yenye tyubu aina ya 300B ya wati 8, uifunge kwenye spika ndogo za desibeli 85 hapo sebuleni Ntinda, Kampala, na muuzaji anangoja malipo Ijumaa. Njia unayotaka kuipita nimeipita mimi.

Mwaka 2019, hapa Bombo, nilitoa shilingi za Uganda milioni 4 na laki 6 kwa amplifaya ya aina hiyohiyo. Spika zangu zilikuwa za desibeli 84. Nilimuuliza muuzaji mara mbili kama wati 8 zitatosha. Akanijibu huku anapuliza chai yake: "Mzee, wati za tyubu si wati hizi za kawaida. Nane hizi ni sawa na 40 za transista." Huyo angekuuzia mwavuli wenye matundu akuambie unapitisha hewa! Wati ni wati. Tyubu ikizidiwa huharibu sauti taratibu kuliko transista, sikio likavumilia kidogo, lakini 8 haiwi 40 hata uiombee dua.

Ukisikiliza usiku kwa sauti ya chini ilikuwa tamu kweli, mwimbaji yuko katikati ya chumba kabisa. Balaa lilianza Jumamosi wageni walipokuja. Nikaweka rumba, nikaongeza sauti kidogo tu, besi ikaanza kukohoa. Kila ngoma kubwa ikipigwa, mwimbaji anabanwa, halafu anarudi akihema. Shemeji akauliza kama redio imeshikwa na malaria.

Nikampigia muuzaji. Akasema tyubu zimechoka. Zimechoka vipi, za wiki tatu? Lakini nikanunua jozi nyingine, laki 9. Kikohozi kilekile. Akasema basi ni waya za spika. Nikanunua waya. Miezi saba mtu yule ananipangia dawa bila kumwona mgonjwa, na kila dawa inauzwa dukani kwake. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee anayetengeneza vipaza sauti vya msikiti. Amplifaya hakuigusa hata kidogo. Aliigeuza spika, uso ukaelekea ukutani, akafuta vumbi kwa kidole gumba kwenye kile kibati cha nyuma, akasoma: 84 dB, yaani desibeli, na omu 4, yaani ukinzani wa spika kwa umeme. Akaniangalia. "Umemtwika mbuzi gunia la simenti."

Akanifafanulia nami nakupa hivyohivyo. Namba ile ya desibeli ni sauti ambayo spika inatoa ukiipa wati 1, ukiwa umbali wa mita 1. Ukitaka desibeli 3 zaidi, wati ziwe mara mbili. Ukitaka 10 zaidi, ziwe mara kumi. Spika yangu ya 84 ikila wati zote 8 inafika 93 basi, tena hapo mita moja, si kwenye kochi. Spika ya desibeli 94 inafika hapo kwa chini ya wati moja. Kwa hiyo spika kwanza, amplifaya baadaye. Nimelipia somo hilo kwa mamilioni, wewe lichukue bure.

Nilitafuta spika kuukuu za desibeli 94, omu 8, makabati makubwa yenye koni za karatasi. Amplifaya ni ileile, tyubu ni zilezile, na sasa rumba inajaa mpaka uani.

Kama spika zako huziachi, achana na 300B. Tafuta ya tyubu aina ya EL34 au KT88, yenye tyubu mbili kila upande zinazosukuma kwa zamu. Ya EL34 hutoa kama wati 30 hadi 40. Ikiwa imetoka Japani ni ya volti 100 na sisi Uganda tuna 240, kwa hiyo inataka transfoma ya kushusha mpaka 100, si 110. Na usiiwashe kamwe bila spika kufungwa, utaunguza transfoma ya kutolea sauti.

Sasa hivi nenda kaigeuze spika yako, usome kibati mwenyewe. Hiyo 85 umeiona kwa macho au umeambiwa na yule anayekuuzia? Andika hapa namba ya desibeli na ya omu kabla ya Ijumaa.